Kigari cha Beringi

Msomaji mpenzi, kama umepata kukaa Kilosa wakati wa jioni, saa kumi na moja hivi, watoto wakiwa wamekwisha kuteka maji na mama bado hajaita watu kula, basi sauti hii umeisikia. Kwanza ni kama mvua ya mawe juu ya bati, tena mbali. Halafu yakaribia, yawa kishindo cha chuma juu ya lami, na katikati yake kelele za watoto: "Pisha! Pisha!" Nawe usipopisha upesi utaona ubao unapita karibu na vidole vyako, juu yake mtoto amekaa, magoti yamefika masikioni, na nyuma yake watoto sita wanakimbia wakidai zamu zao.

Hicho ndicho kigari cha beringi. Sisi watu wazima tunakiita utundu. Nami nimekiita hivyo mara nyingi, hata siku moja nilitoka na fimbo. Lakini tangu mambo niliyoyaona Mikumi nimekifikiria upya, na leo nataka kukuandikia habari zake, kwa maana huenda nyumbani kwako kimo kimoja chini ya kitanda, nawe hujui.

Hebu tuanze na namna kinavyotengenezwa. Beringi, kama ajuavyo kila mtu aliyepita gereji, ni mapete mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, na katikati yake gololi zinazozunguka. Beringi ya lori au ya pikipiki ikianza kulia, fundi huitoa na kuitupa. Kwake ni takataka, lakini kwa mtoto ni dhahabu. Nimewaona vijana watatu wakimfagilia fundi gereji uwanja wake wote, wakazoa na matambara yenye mafuta, ili wapate beringi mbili tu. Ukiwaambia wafagie uwanja wa shule hivyo watakuambia wanaumwa tumbo.

Wakisha kupata beringi, watafuta ubao wa kukalia, na miti miwili ya kuchonga iwe mihimili. Beringi zapigwa kwa nyundo kwenye ncha za miti. Mti wa nyuma wapigiliwa misumari usicheze. Mti wa mbele washikwa kwa bolti moja tu, katikati, upate kugeuka kulia na kushoto. Dereva huweka nyayo zake juu ya mti huo, na kamba mikononi. Akisukuma kwa mguu wa kulia, kigari chaenda kushoto, na akisukuma kwa mguu wa kushoto, chaenda kulia. Hapo ndipo wageni wote wanapoanguka, maana akili hudhani kinyume. Breki haipo. Breki ni katambuga za mtoto mwenyewe, ile ndala ya tairi kuukuu, naye huikandamiza chini mpaka inuke harufu ya mpira unaoungua. Mama akishangaa kwa nini viatu vya mwanawe vimelika upande mmoja tu, jibu ni hilo.

Sasa wauliza: raha yake ni nini? Kupanda mlima ukiburuta ubao, ukashuka mara moja, ukapanda tena?

Nitakujibu kwa hesabu kidogo. Kitu kikishuka mteremko bila kizuizi, mwendo wake hutegemea ni kiasi gani kimeshuka kwenda chini. Mteremko ukishuka kwa urefu wa mita mbili na nusu tu, yaani kama kimo cha ukuta wa nyumba, kitu hicho kitafika chini kwa mwendo wa mita 7 kwa kila sekunde. Ukishuka mita 5, chafika mita 10 kwa sekunde, ambazo ni kilometa 36 kwa saa. Kigari cha watoto kina vizuizi vyake, nacho huhitaji kilima kirefu zaidi kidogo. Lakini kumbuka jambo hili: mwaka 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wetu alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia. Ukigawanya, utaona alikuwa akienda mita 7 na kidogo kwa kila sekunde. Basi mtoto wa darasa la nne, asiye na mazoezi wala kocha, akikaa juu ya ubao kwa nusu dakika tu, ana mwendo wa Filbert Bayi. Nani asingependa kupanda mlima kwa ajili hiyo?

Tena yuko chini sana. Makalio yake yako shubiri moja tu juu ya ardhi. Wewe ukienda kwa basi kilometa 80 kwa saa wasinzia, kwa sababu uko juu na miti iko mbali. Yeye kwa kilometa 25 aona kila kokoto likimkimbilia usoni. Raha yote ya mchezo huu imo humo, nayo ni raha ya kweli, wala si upumbavu wa watoto wa Kilosa peke yao.

Katika mwaka wa 1933, mpiga picha wa gazeti moja la mji wa Dayton, Marekani, jina lake Myron Scott, aliwakuta wavulana wakishindana kwa vigari walivyojitengenezea wenyewe kwa masanduku na magurudumu ya kuokoteza. Hakuwafukuza. Aliwapiga picha, akawaalika kurudi tena kushindana, na mwaka uliofuata, 1934, yakafanyika mashindano ya nchi nzima. Mwaka 1935 yakahamia mji wa Akron, wenye vilima vizuri zaidi, na huko yapo hata leo. Vigari vile havina injini. Vinashuka tu, kama vya kwetu.

Vile vyenye injini vilikuja baadaye. Mwaka 1956, katika jimbo la California, fundi mmoja wa motakaa za mashindano, Art Ingels, alichukua mabomba ya chuma, akayaunga kwa kulehemu, akaweka magurudumu manne madogo na injini ndogo ya mashine ya kukatia majani. Hakuweka springi, wala bodi, wala paa. Watu wakacheka, halafu kila mmoja akataka chake. Vigari hivyo huitwa gokati, na kwa muda wa miaka michache tu vilienea pande zote za dunia. Mwaka 1964 ulikuwako tayari ubingwa wa dunia.

Tena mabingwa wakubwa wa motakaa wameanzia humo. Ayrton Senna wa Brazil alipokuwa na miaka minne baba yake alimtengenezea kigari chenye injini ya mashine ya majani. Lewis Hamilton wa Uingereza, ambaye amekuwa bingwa wa dunia mara saba, alianza gokati akiwa na umri wa miaka minane. Baba yake hakuwa tajiri. Alifanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili mtoto apate tairi na petroli. Nawaambia habari hii akina baba, lakini msije mkasema Karani amesema watoto wote watakuwa Hamilton. Hawatakuwa. Wengi watakuwa wakulima, mafundi na akina mama wa nyumbani, nao watakuwa wamepata raha yao.

Mimi mwenyewe gokati nimeipanda mara moja. Nilikwenda Nairobi kwa arusi ya binamu yangu, na siku iliyofuata vijana wakanipeleka Langata, ambako watu wamekuwa wakikodi vigari hivi kwa miaka mingi. Nilivishwa kofia ngumu, nikafungwa, nikaelezwa kuwa mguu wa kulia ni mafuta na wa kushoto ni breki, wala usiikanyage miwili pamoja. Basi. Mara nikawa nakwenda. Usukani ni mzito kama unageuza jiwe la kusagia, maana hakuna kitu chochote kati ya mikono yako na barabara. Kila ufa wa lami waingia mgongoni. Kwenye kona niliona jambo la ajabu: gurudumu la nyuma la upande wa ndani lilinyanyuka kidogo juu ya ardhi.

Baadaye fundi wao alinieleza. Motakaa ya kawaida, ikipinda kona, gurudumu la nje huenda safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo ina gia maalumu nyuma, inayoruhusu kila gurudumu liende mwendo wake. Gokati haina gia hiyo. Magurudumu yake mawili ya nyuma yameshikana kwa mhimili mmoja, nayo hayana budi kuzunguka sawasawa. Basi ili igeuke, lile la ndani ni lazima liteleze au liinuke. Dereva hodari hujua kulifanya liinuke. Dereva mpumbavu hupigana na usukani. Mimi nilipigana na usukani, nikawa wa mwisho, na binti mmoja wa miaka kumi na miwili hivi alinipita mara mbili. Mara ya pili aliniinulia mkono kunisalimu. Nilicheka peke yangu ndani ya kofia ile mpaka machozi yakanitoka, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu.

Lakini nimeahidi habari za Mikumi.

Mji wa Mikumi, wajua, haufanani na Kilosa. Kilosa barabara zetu ni za mji, motakaa zapita kwa kujikongoja. Mikumi imekaa juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hadi Zambia. Malori hupita usiku na mchana. Kabla ya kufika mjini barabara hiyo yakata hifadhi ya wanyama kwa kilometa 50 hivi, na humo yako mabango yanayoeleza faini ya kila mnyama utakayemgonga: twiga kiasi fulani, simba kiasi fulani, nyani kiasi fulani. Madereva wanayasoma, nao hupunguza mwendo kwa kuuogopa mfuko wao. Wakisha kutoka hifadhini huona wamefunguliwa.

Watoto wa mtaa mmoja wa Mikumi walikuwa na vigari vinne. Mtaa wao uko juu kidogo, na kipande cha mwisho cha njia yao, mahali inapoungana na barabara kuu, kimetiwa lami. Mteremko mzuri, laini, wa hatua kama sitini, na mwisho wake ndiyo barabara kuu yenyewe. Mchezo wao ulikuwa kushuka na kukata kushoto upesi, kabla ya kufika kwenye malori. Walicheza hivyo miezi mingi. Siku moja baada ya mvua lami ilikuwa na majimaji, na mtoto mmoja wa darasa la tano, kitinda mimba wa fundi seremala ninayemfahamu, alikanyaga katambuga yake ikateleza. Hakukata kushoto. Alienda moja kwa moja.

Mtoto yule alijirusha majanini. Kigari kiliingia chini ya lori. Dereva alifunga breki, lori likaenda mbali kabla ya kusimama, na aliposhuka hakuweza kutembea, akaketi kando ya barabara akitetemeka, mpaka utingo wake akamletea maji. Alidhani ameua. Lori liendalo kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja; hata angekuwa na macho ya tai asingeweza kufanya lolote. Mtoto aliinuka na magoti yaliyochunika. Ubao wa kigari ulipatikana vipande vitatu.

Jioni ile fundi alivikusanya vigari vitatu vilivyosalia, akavimwagia mafuta ya taa mbele ya watoto wote, akavichoma. Beringi akazitupa chooni. Wewe msomaji ungefanya nini? Mimi nafikiri ningefanya vilevile.

Nilifika Mikumi siku ya sita baada ya hayo kwa kazi zangu, nikapita karakanani kwa fundi kuulizia viti. Nikamkuta peke yake. Siku zote mwanawe huwapo hapo baada ya shule, ameshika ncha ya mbao baba akikata, au anaokota misumari iliyopinda na kuinyoosha. Siku hiyo hakuwapo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Karani. Umekuja kunihukumu?"

Nikamwambia nimekuja kwa viti. Akapiga randa kidogo, akasimama. Akasema, "Haniamkii. Asubuhi ananipita kama nguzo. Mama yake namwambia mpe chakula, anakula, lakini kwangu haji. Mimi nimemwokoa, naye ananiona mwuaji."

Sikuwa na jibu. Nikamwuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu niliposikia habari hiyo. Nyuma ya mtaa wao iko njia pana ya udongo iendayo mashambani, ina mteremko mrefu kuliko ule wa lami, tena haina motakaa, ila baiskeli na ng'ombe. "Fundi, kwa nini watoto hawakucheza kule?"

"Kwa sababu ni wajinga," akasema.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya mlango wa uani, kumbe mtoto alikuwa amekaa pale akisikiliza. "Baba, beringi hazitembei kwenye mchanga."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia baba yake tangu siku ya moto. Fundi akanitazama, mimi nikamtazama. Neno lenyewe lilikuwa kweli tupu. Beringi ni nyembamba na ndogo. Juu ya lami au sementi yakimbia kama maji, lakini kwenye udongo yazama kama kisu kwenye ugali. Watoto wale hawakuifuata barabara kuu kwa kupenda hatari. Waliifuata kwa sababu magurudumu yao yaliwapeleka huko, maana lami nyingine hawana. Tungewachapa mwaka mzima, tungevichoma vigari kila Jumamosi, nao wangerudi palepale.

Nikamsimulia fundi habari za chukudu. Huko Goma, mashariki ya Kongo, watu wana chombo cha miti chenye magurudumu mawili, kama baiskeli isiyo na pedali, wanachokiita chukudu. Kilienea katika miaka ya 1970. Hukitengeneza kwa mkaratusi na miti mingine migumu, na juu yake mtu hupakia viazi, makaa, mbao, mizigo ya kilo mia kadha, akashuka nacho kutoka milimani mpaka mjini, juu ya mawe ya volkano yasiyo na huruma kwa gurudumu lolote. Wakazi wa Goma wanakiheshimu hata wamekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Na magurudumu yake ni ya mti mtupu, yamevishwa mpira wa tairi kuukuu.

Fundi hakusema neno. Akachukua kipande cha mninga kilichosalia kwenye kiti cha mtu, akakigeuzageuza. Kisha akauliza, si mimi, bali mlango: "Upana gani?"

Mtoto akatoka.

Sasa nisikuchoshe kwa kila kitu walichofanya, lakini mambo mawili matatu yafaa kusimuliwa, huenda na wewe una mtoto na vipande vya mbao. Gurudumu la ubao mmoja hupasuka kufuata nyuzi za mti. Mwanzo walifanya hivyo, likapasuka siku ileile. Basi fundi akabandika mbao mbili nyembamba, nyuzi za moja zikienda huku na za nyingine zikikata kwa njia ya msalaba, akazishika kwa misumari iliyokunjwa nyuma. Katikati akatoboa tundu, akaingiza beringi humo, ipate kuzunguka vizuri bila kugusa udongo. Pembeni akavisha ukanda wa tairi, vichwa vya misumari vikizama ndani ya mpira. (Beringi zilitoka wapi? Fundi mwenyewe alikwenda gereji kuomba. Sikumwuliza kama alifagia.)

Kigari cha kwanza kilipinduka. Magurudumu mapya yalikuwa makubwa, na ubao uliokaa juu yake ukawa juu mno, mtoto akapinda kidogo tu kikamlaza ubavuni. Hapo nilikumbuka gokati ya Nairobi, jinsi ilivyoinama chini. Fundi akaung'oa ubao akaufunga chini ya mihimili badala ya juu yake, mtoto akawa amekaa katikati ya magurudumu, kama mtu ndani ya beseni. Hakikupinduka tena.

Breki ndiyo iliyomsumbua zaidi. Kwanza aliweka mti wa kuvuta kwa mkono, wenye kipande cha tairi kinachokandamiza gurudumu moja la nyuma. Mtoto alipoivuta, gurudumu hilo likasimama, la pili likaendelea, kigari kikazunguka kama pia na kumtazamisha alikotoka. Watoto walilipenda jambo hilo sana wakataka liachwe hivyohivyo. Fundi akakataa. Akaweka mti mmoja wa kukingama unaogusa magurudumu yote mawili kwa pamoja. Nilipima kwa hatua zangu: kwa katambuga, kigari cha zamani kilihitaji hatua ishirini kusimama, hiki kipya kilisimama kwa hatua saba.

Hata hivyo breki iliyo bora kuliko zote haikutengenezwa na fundi. Njia ile ya mashambani, baada ya kushuka, yavuka kijito kilichokauka na kupanda tena upande wa pili. Kigari hupanda pale, huchoka, husimama chenyewe. Ukitafuta mahali pa watoto wako, msomaji, anza kutazama mwisho wa mteremko kabla ya kutazama mwanzo wake. Ukiishia kwenye barabara, mto au ukuta, pateni kilima kingine.

Na kichwani? Kijana mmoja wa bodaboda aliwaazima kofia zake mbili za siku zisizo na abiria. Ni kubwa kwa watoto, wakazijaza kanga kuukuu. Dereva huonekana kama uyoga. Anayekataa kuvaa hapewi zamu, na sheria hiyo waliitunga watoto wenyewe, nao ni wakali kuliko mahakimu.

Jumamosi moja baada ya mavuno nilikwenda kuwatazama, nikachukua na vijana wanne wa Kilosa pamoja na kigari chao cha beringi, wakijisifu tangu kituo cha basi kwamba watu wa Mikumi hawajui kitu. Kigari chao kikazama mchangani hatua tano kutoka mwanzo. Walichekwa mpaka wakacheka wenyewe. Kisha wakaazimwa vya wenyeji, na mashindano yakaanza, viwili viwili, mtoto mmoja akiwa amesimama chini kijitoni na kitambaa chekundu kuzuia baiskeli na ng'ombe. Akina mama waliokuwa wakitoka shambani walitua mizigo yao "kidogo tu", wakakaa saa nzima. Mzee mmoja alisema kwamba zamani, katika mashamba ya mkonge ya Kimamba, vijana walikuwa wakipanda toroli za reli kwa siri siku za Jumapili, naye alikuwa mmoja wao, na mnyapara aliwakimbiza. Miaka yote hiyo, akasema, mkewe hakuwahi kuisikia habari hiyo. Mkewe alikuwa amekaa nyuma yake.

Aliyeshinda siku hiyo ni msichana wa darasa la sita, mnene kidogo, ambaye wavulana walikuwa wakimkatalia zamu. Mtu mzito upepo haumzuii upesi kama mwepesi, na yeye alikuwa amelijua hilo muda mrefu akanyamaza. Tena hakugusa breki hata mara moja mpaka alipokuwa upande wa pili wa kijito. Zawadi ilikuwa soda na beringi mpya moja, bado imo katika karatasi yake ya mafuta, niliyoinunua Kilosa. Aliifungua, akaizungusha kidoleni karibu na sikio, akaisikiliza jinsi inavyoimba.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima, watoto wakaanza kukusanya kamba. Fundi alikuwa amesimama kando muda wote, mikono nyuma, akikagua misumari kila kigari kilipopanda. Mwanawe akamjia na ile kofia.

"Baba, zamu yako."

"Mimi mzee," fundi akasema. "Kitavunjika."

"Umekitengeneza wewe."

Fundi akageuka kunitazama, kana kwamba mimi ningempa ruhusa au ningemkataza. Halafu akavua viatu vyake, akavipanga vizuri kando ya njia kama mtu aingiaye nyumbani kwa watu, akavaa kofia, akakaa. Magoti yake yalifika juu ya kofia. Watoto tisa walimsukuma. Tulisikia sauti yake njia nzima mpaka kijitoni, na mimi siwezi kuiandika hapa, maana halikuwa neno. Kilipanda upande wa pili, kikachoka, kikasimama. Hakuinuka kwa muda, nasi tukaogopa, mwanawe akatimua mbio kumfuata. Tulipofika tulimkuta bado amekaa ndani ya kigari, ameishika kamba, akimweleza mtoto kwamba gurudumu la kushoto mbele linayumba kidogo, na kwamba lazima washuke tena mara moja kabla ya giza ili apate kulisikiliza vizuri.